Viwanja vya Pembezoni mwa Msitu wa Pugu: Tathmini ya Huduma na ya Ardhi Inayouzwa

Anayetafuta kiwanja Dar es Salaam siku hizi hupelekwa mbali na mjini, na miongoni mwa anakopelekwa ni vilima vya Pugu. Kampuni ninayoitathmini hapa, ambayo jina lake naliacha kwa makusudi kwa kuwa inachokifanya kinafanywa na nyingine pia, inauza viwanja katika mradi ulio kando ya njia ya kwenda Kisarawe, ukishapita Pugu Kajiungeni. Tangazo lake linaahidi viwanja vilivyopimwa, malipo ya kidogo kidogo yasiyo na riba, usafiri wa bure wa kwenda kuona eneo, na "mandhari tulivu ya msitu". Nilikwenda kama mnunuzi aliyekwisha kuweka akiba ya malipo ya awali. Maoni yangu ni kwamba huduma yao ni nzuri lakini bidhaa yao haifai kununuliwa, na ya pili ndiyo itakayochukua nafasi kubwa zaidi katika tathmini hii.

Kuhusu huduma, sina budi kusema haki. Wateja wanapokelewa kwa heshima, simu zinapokelewa, Kosta inaondoka kwa saa iliyotajwa, na risiti hutolewa bila kuombwa. Barabara za ndani zimechongwa kwa greda na bikoni zinaonekana. Afisa mauzo aliyetuongoza hakuficha kwamba umeme umeishia mwanzoni mwa mradi na kwamba maji ni ya kisima. Wengi wetu tumewahi kuzungushwa na madalali wasio na ofisi wala anwani, kwa hiyo utaratibu huu unatia moyo, na ndiyo maana watu wanatoa fedha zao kwa wepesi.

Tatizo linaanza kwenye ramani. Karatasi tuliyopewa imechapishwa kwa rangi, inaonyesha viwanja, barabara, eneo la shule na la nyumba za ibada, lakini upande mmoja umeachwa mweupe kana kwamba dunia inaishia hapo. Nilipouliza kuna nini upande ule, nilijibiwa kwamba ni pori. Si pori. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, nayo hifadhi ya mazingira asilia ndiyo daraja la juu kabisa la ulinzi ambalo msitu unaweza kupewa nchini mwetu. Tulipofikishwa kwenye kitalu cha mwisho, kile chenye bei nafuu kuliko vyote, bikoni zilikuwa zimesimikwa kati ya miti, na bango la hifadhi tulikuwa tumekwisha kuliacha nyuma yetu. Afisa alisema mpaka "utarekebishwa". Mpaka wa hifadhi ya aina hii haurekebishwi na muuza viwanja wala na serikali ya mtaa. Hubadilishwa kwa utaratibu wa kisheria na kwa tangazo la serikali, na hakuna tangazo la namna hiyo tulilooneshwa.

Napenda msomaji ajue ni kitu gani hasa kilichoachwa kuchorwa kwenye karatasi ile. Huu ni mmoja wa misitu michache ya pwani iliyosalia, mabaki ya ukanda wa misitu uliokuwa ukienea katika pwani ya Afrika Mashariki, na ndiyo misitu yenye mimea na wanyama wengi wasiopatikana kwingine popote duniani. Anaishi humo komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku ambaye hupatikana Tanzania peke yake, tena katika misitu michache ya pwani iliyotengana. Wamo sange, wanyama wadogo wenye pua ndefu, na ndege wa msituni ambao hawawezi kuhamia kwenye mashamba ya mihogo msitu ukiisha. Yapo mapango ya zamani ya udongo wa kaolini yenye popo wengi sana, na wanafunzi wa mjini huletwa kuyaona. Msitu huu umekwisha kuumizwa vya kutosha na mkaa, kuni na kilimo, na sehemu zake nyingi ndiyo kwanza zinachipua upya. Nyumba ni mzigo wa namna nyingine, kwa sababu mkaa hukata mti na mti unaweza kuchipua, lakini msingi wa zege ukishamwagwa hakuna kinachorudi, na kila nyumba ya pembezoni huja na njia yake, jalala lake, mbwa wake na moto wake wa kuchoma majani.

Hata asiyejali komba anapaswa kujali maji. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima hivi hivi vya Pugu na Kisarawe, kisha unashuka kupitia Gongo la Mboto, Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi unapoingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Mto Kizinga, unaolisha mtambo wa maji wa Mtoni, nao unatoka katika vilima hivi. Mvua inayonyesha juu ya msitu hupokelewa na majani, huzama kwenye udongo na kutoka polepole. Ile inayonyesha juu ya mabati na barabara zilizoshindiliwa hushuka kwa pamoja, ikibeba mchanga. Wakazi wa bondeni wanayajua matokeo yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, waathirika wakahamishiwa Mabwepande, na tangu hapo barabara ya Jangwani imefungwa mara nyingi kwa sababu ya maji. Sasa serikali inatekeleza mradi mkubwa wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 mwaka 2022, na wenye nyumba za bondeni wamelipwa fidia ili waondoke. Inasikitisha kufikiri kwamba aliyelipwa ili aondoke Jangwani anaweza kuitumia fidia hiyo kununua kiwanja kule mto unakoanzia, na hivyo kuwaongezea maji jirani zake waliobaki chini. Kuzibua mdomo wa mto huku tukikata kichwa chake ni kupoteza fedha na, mvua zikija kwa nguvu, ni kupoteza watu.

Afisa mauzo alinijibu kwa swali moja ambalo linastahili jibu la heshima: watu wakae wapi? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728, yaani ongezeko la zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi. Mahitaji ni ya kweli, na kijana anayelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo ana haki ya kutamani kilicho chake. Lakini mji wetu umejengwa kwa nyumba za chini zisizo na ghorofa, moja moja, hadi umefika Kibaha na Mkuranga, ilhali maeneo yenye barabara, maji na shule yangeweza kubeba watu wengi zaidi. Magomeni Kota imeonyesha njia: kaya 644 zilizokuwa zimeondolewa zilirudishiwa makazi katika majengo ya ghorofa yaliyozinduliwa Machi 2022, mahali pale pale, bila kugusa hata mti mmoja wa hifadhi. Ningependa kuona kampuni zenye utaratibu mzuri kama hii zikiuza nyumba za namna hiyo.

Upo pia upande wa mnunuzi mwenyewe. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inaitenga ardhi ya hifadhi na ardhi ya jumla pamoja na ya vijiji, kwa hiyo kiwanja kilicho ndani ya mpaka wa hifadhi hakiwezi kuzaa hatimiliki, hata kama mkataba umegongwa mihuri mitatu. Wakazi wa Kimara hadi Kiluvya wanakumbuka ubomoaji wa 2017 katika hifadhi ya barabara ya Morogoro. Hifadhi ya msitu haina huruma zaidi ya hiyo, wala haipaswi kuwa nayo.

Niliiomba kampuni kwa maandishi ramani ya mipango miji iliyoidhinishwa pamoja na barua ya TFS inayothibitisha kwamba kitalu cha mwisho kiko nje ya hifadhi. Nilijibiwa kwa ujumbe wa punguzo la bei. Sikulipa. Kwa mapokezi na utaratibu ninawapa alama nane kati ya kumi; kwa kitalu cha mwisho sitoi alama yoyote, na kwa vitalu vingine nitasubiri nione ramani yenye msitu ndani yake. Aliyekwisha kuanza kulipa achukue risiti na namba ya kiwanja chake, aende ofisi ya ardhi ya halmashauri na ofisi ya TFS iliyo karibu, aombe kuoneshwa mpaka kwenye ramani ya hifadhi, na afanye hivyo kabla ya kulipa awamu inayofuata.