Vowst: kapsuli za bakteria wa utumbo na sahani inayozisubiri

Kapsuli za Vowst, zilizoidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani mwezi Aprili 2023, hutengenezwa kutokana na kinyesi cha wachangiaji waliopimwa afya. Mwenye kinyaa na ajue kwamba kinyesi hicho husafishwa kwa ethanoli (aina ya alkoholi), na kinachobaki kuvunwa ni spora, yaani bakteria waliojifungia katika ganda gumu. Kazi yake ni moja tu: kuzuia kurudi kwa kuharisha kunakoletwa na Clostridioides difficile, bakteria anayestawi pale antibiotiki zinapowafagia wenzake wenye manufaa.

Kwa kazi hiyo sina shaka nazo. Katika jaribio la wagonjwa 182, ugonjwa ulirudi ndani ya wiki nane kwa asilimia 12 ya waliozimeza, ilhali kwa waliopewa kapsuli zisizo na dawa ulirudi kwa asilimia 40. Humezwa nne kila siku kabla ya mlo wa kwanza, kwa siku tatu, ingawa siku ya kutangulia mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo. Mshindani wake, Rebyota, ni mililita 150 za kimiminika cha bakteria wa kinyesi zinazoingizwa kwa njia ya haja kubwa, na nadhani wengi watachagua kumeza. Bei ndiyo inayotisha: dola 17,500 zilipoingia sokoni.

Ninachokikosa ni neno juu ya chakula cha baadaye, kwani maelekezo yanasisitiza tumbo tupu kabla ya kumeza na kuishia hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2025 matokeo yanayostahili kusomwa na kila mwandika dawa: panya waliopewa antibiotiki, kisha wakalishwa mafuta mengi na nyuzinyuzi chache, hawakurejesha bakteria wao ipasavyo hata walipopandikizwa wengine, ilhali waliolishwa nyuzinyuzi za kutosha waliwarejesha upesi hata bila kupandikizwa. Panya si binadamu, lakini sababu yake inaeleweka, kwa kuwa bakteria wengi wa utumbo mpana huishi kwa nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya, na kwa kuzichachusha hutoa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo.

Kwa aliyerudiwa na ugonjwa huo, nazipa nyota nne kati ya tano. Anayetafuta tu tumbo lenye afya aanzie kwenye maharage, mchicha na ugali wa dona; kapsuli hizi hazikuidhinishwa kwa ajili yake.