Raiden II kwenye PlayStation: uzoefu wangu na silaha zake

Kwa miaka mingi nimecheza Raiden II, gemu ya ndege za kivita, nikikimbilia silaha ya rangi moja tu, zambarau. Aliyewahi kuishika pedi ya gemu hii anaijua. Mwale mnene unatoka puani mwa ndege, unapinda kama kamba iliyorushwa hewani, unamfuata adui hata akihamia ubavuni, ukishamnasa haumwachii mpaka alipuke. Wakiwa watatu wamekaa mbalimbali, unawapitia wote kama uzi kwenye tundu la shanga. Sijaona silaha nzuri kuitazama kama hii katika gemu yoyote ya ndege. Na ndiyo imeniua mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Ninayoizungumzia ni CD iitwayo The Raiden Project. Ndani yake kuna gemu mbili za kampuni ya Kijapani ya Seibu Kaihatsu: Raiden ya 1990 na Raiden II ya 1993. Zote mbili zilizaliwa kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, kisha 1995 zikawekwa pamoja kwa ajili ya PlayStation. Jina lenyewe kwa Kijapani ni radi na umeme. Unaendesha ndege moja ya kivita, ardhi inateremka kutoka juu ya kioo kwenda chini, adui wanakuja, na kazi yako ni vitufe viwili: risasi na bomu. Hakuna mstari wa afya. Risasi moja ikikugusa, roho moja imekwenda.

Mimi niliipata kwa mtumba. CD ya kwanza niliyouziwa ilikuwa na mikwaruzo, kila nikifika steji ya tatu picha inaganda, na muuzaji akakataa kabisa kuibadilisha. Iliniuma, maana nilikuwa nimeitafuta muda mrefu. Ukienda kununua, igeuze CD upande wa chini kwenye mwanga wa jua kabla hujatoa hela, na uombe iwekwe kwenye mashine mbele yako.

Jambo jingine la kujua mapema ni kioo. Mashine za asili zilikuwa na kioo kilichosimama wima, kirefu kwenda juu. Ukicheza kwenye TV ya kawaida unapata picha iliyobanwa katikati, na vitu vinakuwa vidogo. Lakini kwenye mipangilio kuna njia ya kuigeuza picha ili uilaze TV yenyewe kwa ubavu. Tulifanya hivyo na TV ya chogo, watu wawili, tukaiegemeza kwenye mito ili isiyumbe. Mwanzoni pembe moja ya kioo ilikuwa na doa la kijani; tulipoizima tukaiwasha tena rangi zikatulia. Halafu gemu ikaanza, mashamba ya steji ya kwanza yakajaa kutoka juu hadi chini, na nikahisi ndiyo kwanza naiona. Adui unamwona angali mbali. Kama una TV inayolazika salama, fanya hivi.

Sasa silaha. Ukiipiga ndege inayobeba zawadi, inaachia alama inayoelea kwenye kioo huku ikibadilika rangi: nyekundu, bluu, zambarau. Unachukua rangi unayoikuta wakati wa kuigusa, na ukiokota rangi ileile tena na tena silaha yako inakua. Nyekundu ni risasi zinazotawanyika. Mwanzo ni mstari mwembamba tu, lakini ikikomaa inafunguka kama kipepeo na kufunika karibu upana wote. Bluu ni leza, nyembamba, imenyooka, ina nguvu mno. Ukisimama mbele ya bosi na bluu iliyokomaa, anayeyuka. Ila asiye mbele yako humgusi.

Kosa langu lilikuwa kuisubiri zambarau. Alama inaelea, mimi naizunguka, nahesabu rangi, macho yameniganda pale, na kifaru kilichojificha pembeni kinanilenga. Risasi za gemu hii si nyingi kama za gemu za siku hizi, lakini ni za kasi na zinakuja moja kwa moja pale ulipo. Ndege yako nayo ni nzito, haina cha kuiongezea mwendo. Ukichelewa kuona, umekufa.

Nikishaipata napo shida haiishi. Ule mwale ukimnasa adui mwenye ngozi ngumu unamganda yeye tu. Wadogo wanaojitokeza pembeni wanabaki huru, na katika Raiden ni hao wadogo wanaokumaliza. Nilikuwa nauona uzuri wa mwale ukijisokota kwenye chombo kikubwa, naamini nashinda, kumbe upande wa kushoto vifaru vinne vimeshaelekeza mitutu.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu. Yeye anaokota chochote, akiachiwa achague anachukua nyekundu, na alikuwa anafika mbali kuliko mimi. Nikamuuliza kwa nini haichukui ile nzuri.

"Mjomba, hawa inabidi wafe kabla hawajapiga," akasema, bila kuondoa macho kwenye kioo.

Ndivyo ilivyo. Nyekundu inawakuta wanapoingia tu, kushoto na kulia, kabla hawajapata nafasi ya kulenga. Tangu nihamie huko, zile sehemu nilizokuwa napoteza roho mbili mbili napita nikiwa mzima. Zambarau bado naichukua pale ambapo maadui ni wachache na wametawanyika pembezoni nisikoweza kufika. Pale inafanya kazi ambayo hakuna nyingine inayoiweza.

Makombora, yanayotoka pamoja na silaha hizo, ni ya aina mbili, na alama zake zina herufi M au H. M yanakwenda mbele moja kwa moja na yanauma. H yanamtafuta adui yenyewe lakini pigo lake ni jepesi. Mimi naunganisha nyekundu na M, maana nyekundu inasafisha pembeni na M yanaongeza uzito katikati. Mwenye bluu afadhali achukue H, yamfikie asiyekuwa mbele yake.

Mabomu nayo yataka maelezo, kwani hapa ndipo wageni wengi hulalamika bure. Bomu la kawaida, lile jekundu, halilipuki papo hapo. Unabonyeza, linaanguka, ndipo mlipuko unafunguka na kumeza kila kitu. Ukisubiri mpaka risasi iko puani, umeshachelewa. Libonyeze unapoona mambo yanaanza kukuzidia. Lile la manjano linamwaga vibomu vidogo vingi na linaitikia haraka zaidi, kwa hiyo mtu wa kubanwa ghafla, kama mimi, linamfaa.

Kinachoniudhi ni kimoja. Ukifa, silaha uliyoilea tangu mwanzo inarudi kuwa kijistari, na uko katikati ya steji ngumu. Inakatisha tamaa kweli. Yupo kichimbakazi mdogo aliyefichwa kwenye mandhari. Ukimpata, siku ukianguka anakumwagia alama za kujijenga upya. Mtafute. Amenirudisha vitani mara kadhaa nilipokuwa tayari kuzima mashine.

Jumamosi tulicheza wawili, mimi ndege nyekundu, mpwa wangu ya bluu, gemu inaruhusu kwa wakati mmoja. Steji ya tano ikatoka alama, ikageuka zambarau ikiwa hatua moja kutoka kwangu. Nikaipisha, nikaingoja igeuke nyekundu, huku nyuma yangu yeye akifagia vifaru. Dakika chache baadaye ardhi ikaisha, nyota zikaanza kushuka kutoka juu ya kioo, na hapo ndipo nilipoiona steji ya sita kwa mara ya kwanza.