Mchoro wa Venn au kanuni ya kujumlisha?

Tuseme mwalo wa Kibirizi, Kigoma, una wachuuzi 40: 25 wanauza dagaa, 18 migebuka, na 10 kati yao wanauza vyote viwili. Ukimchagua mmoja kwa bahati nasibu, uwezekano wa kuuza angalau kimojawapo ni upi?

Kanuni inajumlisha makundi mawili, kisha inatoa waliohesabiwa mara mbili, na inamaliza kwa mstari mmoja: 25 + 18 − 10 = 33, yaani 33/40. Kwa kasi haina mpinzani. Lakini ukisahau kutoa ile 10 unapata 43/40, uwezekano unaozidi 1! Naumia kila ninapoliona kosa hili kwenye daftari.

Mchoro, yaani maduara mawili yanayoingiliana, unaanza na 10 katikati, halafu 15 (25 − 10) na 8 (18 − 10) pembeni. Kosa halina pa kujificha. Anayeanza, achore. Lakini matukio (kama kuuza dagaa) yakifika manne, maduara hayaonyeshi sehemu zote 16. Hapo shika kanuni.