Darasani waliniambia nisilale chali, leba wakanilaza chali

Mnanipigia simu kuniuliza kama mwende kujifungulia pale nilipojifungulia mimi. Jina la hospitali silitaji. Ni ya kanisa, huku huku Mtwara, mwenye kujua atajua. Bei na siku za kliniki kaulizeni dirishani. Mimi nina neno langu moja tu, na linahusu zamu ya asubuhi.

Kwanza niwape haki yao. Darasa lao la wajawazito, pamoja na hasira zote hizi, nalisifu. Anayefundisha ni sista mtu mzima, mkunga wa siku nyingi. Anaanza na sala fupi, halafu kazi. Siku ya kwanza tu alituambia, "Mwombe Mungu, na FEFO umeze," yaani vidonge vya kuongeza damu. Tukacheka, lakini alikuwa hatanii. Alitufundisha miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018: mama anayeumwa uchungu akae na mtu wake aliyemchagua, atembee, anywe na ale kidogo, achague mkao wake mwenyewe. Kuongezewa njia, yaani kuchanwa kidogo ili mtoto apite, si kwa kila mtu. Na njia isipofunguka sentimita moja kila saa, hiyo peke yake si sababu ya kukimbizwa kwenye kisu.

Mama mmoja akauliza kama sindano ya kupunguza maumivu ni dhambi. Sista akatuhadithia habari za daktari wa Edinburgh, James Young Simpson, aliyeanza kuwapa wazazi klorofomu mwaka 1847. Alitoa kijitabu cha kujibu pingamizi za kidini, akawakumbusha Mwanzo 2:21, kwamba Mungu mwenyewe alimletea Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Darasa zima kicheko. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu mpaka akachoka.

Basi. Ilikuwa msimu wa korosho, tarehe mniache nayo. Tumeingia usiku kwa bajaji, mimi na mama mkwe aliyeshuka kutoka Newala na mfuko wa ming'oko ya kuchemsha. Nesi wa usiku akanipima, sentimita nne, akasema bado, tembea. Nikatembea. Mama mkwe ananisugua kiuno, ananinywesha chai. Nikawa najisemea kumbe ndivyo ilivyo, mbona watu wanatutisha.

Kukapambazuka, zamu ikabadilika.

Aliyeingia hakusalimia. "Panda kitandani, lala chali." Kwa mama mkwe, "Bibi, nje." Mama mkwe akasema, "Mwanangu, tumeruhusiwa." Akajibiwa hapa leba si mgahawani, tena kikombe chake kikatolewa pamoja naye. Mimi nikasema, "Samahani dada, darasani tumefundishwa..." Hakuniacha nimalize. "Darasani ni darasani."

Nililala chali. Sijui saa ngapi, mwenye uchungu hana saa. Nilipolia ndipo akasema lile neno: "Mwanzo tatu kumi na sita. Darasa umelishiba, Biblia hujasoma? Kwa utungu utazaa."

Jamani. Andiko limesema nitazaa kwa utungu. Wapi limemwagiza nesi auongeze? Anayetafuta andiko la wakunga asome Kutoka 1. Shifra na Pua walimcha Mungu, na kumcha kwao kulikuwa kuokoa watoto, si kuwasimanga wazazi. Haya yote nayaandika sasa. Pale kitandani nililia tu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilianza kujiuliza kama kweli ninaadhibiwa.

Hospitali hii msiende. Niliandika hivyo nikafuta, nikaandika tena, nikafuta.

Kwa sababu yule sista wa darasani alipita. Akasimama mlangoni, "Nani kamlaza huyu hivi?" Hakungoja jibu. Mama mkwe akarudishwa, nikapiga magoti juu ya kitanda nimekumbatia kichwa cha kitanda, na mtoto akaja nikiwa hivyo hivyo. Akawekwa kifuani kwangu na unyevu wake. Nikadungwa sindano ya paja ya kuzuia damu, kitovu kikangojwa kwanza kabla ya kukatwa. Sista akasema "Asante Yesu" mara moja tu, akaendelea na kazi.

Na huyo nesi, niseme kweli, nilikuja kumwona mchana anakimbia peke yake kati ya wazazi watatu, jasho linamtoka. Nikamhurumia. Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe kabisa. Jioni akapita kitandani kwangu, akamtazama mtoto, akatabasamu: "Si unaona? Yohana 16, furaha ya kuzaliwa mtu, dhiki umeshaisahau."

Sijaisahau! Na wewe dada hata pole hujasema!

Kwa hiyo mnaoniuliza kwa simu, jibu langu hili. Kliniki na darasa, nendeni, hata kama mnatoka Mikindani kwa miguu. Leba, angalieni nani yuko zamu. Najua uchungu hauchagui zamu, ndiyo maana hasira hainiishi. Mimba nyingine Mungu akijalia nadhani nitarudi pale pale. Mama mkwe ameshatangaza kwamba safari hiyo yeye nje hatoki, labda wamtoe pamoja na kitanda, na kikombe chake cha chai hakijarudishwa mpaka leo.