Bustani ya darini kwa mtu aliyetoka opareshini: uzoefu wangu hapa Majengo

Kijana aliyenipangia bustani nampa nyota tatu na nusu, na hio nusu ni ya neti ya kivuli peke yake, ntaeleza. Huduma yenyewe ni ile ya wauza miche wa kando ya barabara, siku hizi hawauzi miche tu, wanakuja mpaka nyumbani wakupangie bustani nzima, ndoo, udongo, mbolea, neti, mpaka kiti ukitaka. Yangu nlifanyiwa darini, kule juu kwenye matangi na kamba za nguo, nyumba ya ghorofa hapa Majengo, Mombasa. Jina la huyo kijana silitaji manake kuna mambo ntamlalamikia na bado ana kazi kwangu hajamaliza, lakini wa aina yake wamejaa kuanzia Kongowea mpaka Bamburi, kwa hio mtafaidika tu.

Mie mwaka huu nlitolewa kifuko cha nyongo, kilikuwa na mawe. Anayeyajua hayo maumivu anajua, unakula biriani yako ya Ijumaa vizuri na bashasha alafu usiku unaamsha mtaa. Siku hizi kawaida wanapitisha kamera kwenye vitundu vidogo na kesho yake au keshokutwa uko kwako, lakini mie walianza na kamera wakaona hapaendeki, ikabidi wafungue, kidonda kikawa kirefu na masharti yakawa mengi: usibebe kizito, usile mafuta, na tembea, tembea kila siku kidogo kidogo damu isigande miguuni. Haya, nitembee wapi? Ghorofa ya tatu, chumba changu kina dirisha moja na hilo dirisha linatazama ukuta wa jirani, ukuta wa bloko ambao haujapigwa plasta, ukinyoosha mkono waugusa. Nlikuwa nalala nautazama, naamka nautazama, nikaanza kuzijua bloko zake moja moja.

Wifi yangu ni nesi na ni mtu wa kusoma sana, akaja kunitazama akanambia wifi, wewe dawa zako ni sawa ila hiki chumba ndicho kinakumaliza. Ndio akanihadithia kuhusu mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Ulrich, aliyechunguza jambo hili hili tena kwa watu waliotolewa nyongo, nkasema makubwa haya. Alichukua rekodi za hospitali moja ya Pennsylvania za kuanzia 1972 hadi 1981, akatafuta wagonjwa wanaofanana umri na mambo mengine, hata mvuta sigara akamuweka na mvuta sigara mwenzake, akapata jozi 23. Kila jozi mmoja kitanda chake dirisha linatazama miti, mwenzake linatazama ukuta wa matofali. (Niliposikia ukuta nlicheka mpaka nkashika kidonda.) Wa miti walikaa hospitali wastani wa siku 7.96, wa ukuta 8.70, na wa miti walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi, na manesi waliandika malalamiko machache juu yao. Ikachapishwa 1984 kwenye jarida la Science. Na alihesabu waliofanyiwa opareshini kati ya Mei na Oktoba peke yao, kwa sababu kwao kule msimu wa baridi miti hupukutika majani ikabaki vijiti. Mie kipande hicho ndicho kilichonifanya nimuamini, mtu aliyefikiria mpaka majani hakukaa kubahatisha.

Sa tusidanganyane, hao ni watu 46 tu wa hospitali moja na tofauti yenyewe haifiki siku nzima. Haisemi mti unaponya, na yeyote anayekuuzia mche akakwambia utaponya kidonda mwambie ahsante ufunge mlango. Lakini dawa kali kupungua si jambo dogo, zile dawa zinalewesha, zinafunga choo, na choo kikifunga na huku una mshono tumboni wallahi sitaki hata kukumbuka.

Basi wifi akampigia kijana wa miche. Tulikubaliana asubuhi saa tatu, akafika baada ya alasiri na tuktuk imejaa mpaka dereva haonekani. Mwenye nyumba tulikuwa tushamuomba ruhusa na hili msilichukulie mzaha, udongo ukiloa maji ni mzito kupita mnavyofikiria, akatukubalia kwa sharti ndoo zikae kandokando kwenye ukuta na si katikati ya slabu, na maji yasituame yakashukia dari la mtu. Kijana hilo alilielewa haraka, akatoboa ndoo pembeni chini, akaweka kokoto, akainua kila ndoo juu ya vipande vya bloko ili chini pakauke. Kazi safi, hapo simtoi kosa.

Na kazi ninayoisifia kuliko zote ni ile neti. Awali hakutaka kuiweka! Alikuwa amekuja na maua mengi ya rangi, anataka pawake, yaani ukipiga picha uweke stetasi. Wifi akamwambia kijana yangu, mgonjwa hakai ndani ya picha, mgonjwa anakaa kwenye kivuli. Akanung'unika, akarudi siku ya pili na neti nyeusi, akaifunga kutoka kwenye tangi mpaka kwenye nguzo ya kamba za nguo, chini yake akaweka kiti cha mbao chenye mikono. Hio mikono ya kiti muiulizie kabla hamjalipa, mtu mwenye mshono wa tumbo hawezi kuinuka kwenye mkeka wala kwenye stuli, anataka pa kujishikilia. Joto la hapa kwetu mnalijua, slabu ikipigwa na jua la kaskazi unakaanga yai, sa bila kivuli bustani hio ningeitazama alfajiri na magharibi tu, katikati nimefungiwa na ukuta wangu. Kwa neti nlikuwa napanda saa nne, nakaa mpaka adhuhuri, upepo wa bahari unapita, nasikia adhana, nasikia makondakta wanaita abiria, na bado nko mahali pangu.

Hapo ndipo ngazi zikawa mazoezi bila mtu kunisimamia. Mwanzo nlikuwa nashikwa mkono na binti yangu, kila kituo cha ngazi twapumzika. Baadaye nikawa naenda mwenyewe, kwa sababu kuna mmea nataka kuutazama kama umetoa jani. Ukiambiwa na daktari tembea unajikongoja kutoka kitandani mpaka jikoni ukarudi, basi. Ukiwa na mnanaa uliunyweshea jana unapanda hata kama huna hamu, na ukifika ushatembea. Usingizi pia ulirudi, ila hapo siwezi kusema ni mimea au ni kule kupata mwanga wa asubuhi na kuacha kulala mchana kutwa. Wifi asema ni vyote.

Mimea yenyewe sasa. Mrehani ulishika vizuri ajabu, mchaichai ndio usiseme, mshubiri hauna haja ya mtu, asumini ilichelewa lakini ilipoanza kutoa, jioni ngazi nzima inanukia. Bibi wa ghorofa ya chini, mtu mzima ambaye nlikuwa namsalimia mlangoni tu, akaanza kupanda kuchuma asumini na rehani za vikuba, yale mafungu ya maua ya kunukia, mkadi ananunua sokoni Markiti, anakaa na mie anafunga huku ananihadithia Majengo ya zamani. Hio haimo kwenye bei ya kijana na ndio nliyofaidika nayo kuliko zote. Mawaridi ndio hasara. Aliniuzia miche ya waridi kwa bei ya juu, akaapa inastahimili, haikumaliza mwezi ikaungua pembe za majani ikafa. Sababu ni maji. Majengo maji ya mfereji yanakuja yakipenda, tunatumia ya kisima na ya kisima yana chumvi, na chumvi inajilimbikiza kwenye ndoo kuliko kwenye ardhi kwa sababu haina pa kwenda. Muuza miche wa Mombasa asiyekuuliza unanyweshea maji gani hajakusaidia. Sa hivi maji ya mitungi ya mkokoteni nayatenga kidogo kwa asumini na mnanaa, na mvua ikinyesha naziacha ndoo wazi maji yazioshe chumvi zitokee chini.

Alafu mbu. Hili nalisema kwa herufi kubwa kichwani: VISAHANI CHINI YA NDOO HAPANA. Kijana aliweka visahani vya plastiki kila ndoo, maji yakatuama. Mbu wanaoleta dengi na chikungunya wanazaa kwenye maji safi yaliyotuama kama hayo, wanauma mchana, na Mombasa tulishaonja, mlipuko wa chikungunya ule wa mwisho wa 2017 kuingia 2018 watu walitembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hivi, kwa hio chochote kinachoshika maji kimwagwe na kusuguliwa kabla ya wiki kuisha. Kumuuliza kijana akanambia mama usiwe na wasiwasi, mrehani unafukuza mbu. Mbu wenyewe hawakuambiwa. Nlivitoa vyote.

Na kama una kidonda bado hakijafunga usishike udongo wala samadi, pepopunda inakaa humo humo, mie wiki za mwanzo nlikuwa wa kutazama na kuamrisha tu, binti ndiye mwenye glavu.

Malalamiko makubwa ni baada ya mauzo. Bei ilikuwa shilingi 18,000 kila kitu, ndani yake kukiwa na ahadi ya kurudi kupogoa, kuongeza mbolea na kubadilisha mche utakaokufa. Amerudi mara ya kwanza vizuri, toka hapo simu inaita tu, wasapu tiki mbili za buluu na kimya. Nlishamtumia pesa zote kwa Mpesa. Nyie shikilieni hata robo mpaka arudi.

Kwa asiye na dari au mwenye nyumba amekataa, msikae ndani mkahesabu bloko. Mama Ngina pale baharini tangu patengenezwe upya 2019 kuna pa kutembea na pa kukaa, mibuyu ipo, dafu lipo, kachri za kukaanga mie nlikatazwa. Nlipopata nguvu zaidi wifi alinipeleka Haller Park, Bamburi, na kwa mgonjwa anayejifunza kutembea napapenda kuliko bustani yangu mwenyewe, ni tambarare na miti imefunika juu. Na pale ukijua palivyokuwa utastaajabu. Ilikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti, jiwe tupu na maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akaanza kupanda, aina 26 za miti, zikapona tatu tu, na aliyebeba kazi ni mvinje kwa sababu unastahimili chumvi na mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyovuta naitrojeni hewani. Tatizo majani ya mvinje hayakuwa yanaoza, yakajazana chini, mpaka wakaletwa majongoo wale wekundu wa miguu, wakayala wakayageuza udongo, na miti mingine ikapata pa kusimama. Majongoo jamani! Mie nlikuwa nayapiga kandambili. Ndio hapo hapo alipokuja kulelewa Owen, yule kiboko mtoto aliyeachwa peke yake baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mkubwa aliyeitwa Mzee akamfanya ndio mamake, binti yangu alisimama pale anaisoma habari hio mara mbili mbili.

Muda gani wa kutoka? Wifi alinipa kipimo cha dakika 120 kwa wiki, kimetoka kwenye uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa 2019, watu karibu 20,000, waliofikisha dakika hizo kwenye miti na viwanja walisema zaidi kuwa afya zao ni nzuri, na haikujalisha wamezitumia kwa mpigo au kwa vipande. Mie nlimuuliza, na je si mzima ndiye anayeweza kutoka? Akasema swali hilo lipo na ndio maana hatuachi vidonge. Haya, vipande basi, dakika ishirini za asubuhi chini ya neti hazinigharimu kitu.

Kwa anayetaka kufanya na hana 18,000: nunua neti, nunua kiti chenye mikono, tafuta ndoo kuukuu za rangi, panda mrehani, mchaichai na mshubiri. Hivo vitatu haviogopi chumvi ya kisima changu, chako sijui kikoje, jaribu na mche mmoja kwanza. Maua mengine yatafuata ukishapona.

Kijana, kama unasoma, yale mawaridi mawili sitaki tena mawaridi, nletee mkilua na ile samadi tuliyokubaliana, nami ntakuongezea nyota yako.