Gita la nyuzi saba kwa seremala wa milango Lamu: nyota tatu na nusu

Haya jamani nilisema nitaandika na sasa naandika, maana kila nikipita Usita wa Pwani na mfuko mgongoni lazima mtu anisimamishe "lile gita umelitoa wapi" na nimechoka kueleza nimesimama juani. Hii ni rivyu ya karakana ya seremala mmoja wa hapa Langoni, kazi yake milango, vitanda na viti vya enzi, mimi nikampelekea kazi ya gita la umeme la nyuzi saba. Jina lake siliweki, mwenyewe kanikataza, kanambia kwa mdomo wake "usinletee watoto wa magita hapa". Atakayemtaka aulize tu, Lamu si kubwa.

Kwa nini saba? Bendi yetu ya harusi tuko wanne na mpiga besi alienda Mombasa kutafuta maisha, tangu mwaka jana ni salamu za simu tu. Kinanda kinajaribu kuziba pengo lakini mkono wa kushoto wa mwenzetu una uvivu wake, tumwachie Mungu. Sasa gita la nyuzi sita kwa sauti nzito linaishia noti ya E, ukiongeza wa saba unashuka mpaka B, kama hezi 62 hivi (mitetemo 62 kwa sekunde), hapo dole gumba linatembeza besi na vidole vingine vinapiga kodi, zile noti kadhaa kwa pamoja. Watu wanadhani haya ni mambo ya wapiga metali, ile roki nzito, peke yao, na kweli wao ndio waliolipatia jina tangu kampuni ya magita ya Ibanez itoe gita la Universe pamoja na mpiga gita Steve Vai mwaka 1990, lakini kuna mpiga jazi wa Marekani George Van Eps alikuwa nalo tangu mwisho wa miaka ya 1930 kwa shida hii hii yangu, ajipigie besi mwenyewe. Na Brazil kwenye choro, muziki wao wa ala, gita la nyuzi saba ndilo kazi yake hiyo mpaka leo.

Halafu mimi napiga kwa mkono wa kushoto. Hapo ndipo mambo yanapokwisha. Uliza duka lolote gita la nyuzi saba la mkono wa kushoto uone watakavyokuangalia. Kuagiza lililo tayari kutoka nje, bei pamoja na usafiri na ushuru ikanishinda, basi nikaamua vifaa niagize, mbao zitoke hapa, kazi ya mbao afanye anayejua mbao na iliyobaki nifanye mwenyewe nyumbani.

Siku ya kwanza nilimkuta fundi amekaa chini anachonga fremu ya mlango, patasi inatembea kama anaandika barua. Nikamuonyesha mchoro. Akauliza nyuzi ngapi, nikamwambia saba, nikangoja acheke, akasema mbona si jambo geni, na kweli ile kambusi ya Yemeni, ala ya nyuzi iliyo ndugu yake kibangala chetu, huwa na nyuzi saba, jozi tatu na mmoja peke yake. Kilichomshangaza ni freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gita. "Udi hauna hivi vyuma na wapigwa, hili la nini?" Nikamwambia ami mimi sikio langu si la mpiga udi. Akacheka, tukaelewana elfu kumi na mbili na mia tano kwa bodi, yani kiwiliwili cha gita, na shingo, nikamtumia elfu tano ya kwanza kwa M-Pesa pale pale, wiki tatu inshallah itakuwa tayari.

Sasa mbao, hapa fundi nampa nyota zote na ningempa zaidi kama zingekuwepo. Mimi nilikuwa nimesoma nikaenda na maneno mengi ya mahogani na mepo, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akaingia ndani akatoka na mfumbati wa kitanda. Mfumbati wa mvule, kitanda cha zamani kilichovunjika miguu, mbao imekaa ndani ya nyumba miaka na miaka. Akaniambia mbao mbichi utaiambia inyooke leo na kesho itafanya itakavyo, hii imeshamaliza ujinga wake wote. Na ndio ukweli wa shingo ya gita, hasa la saba, maana nyuzi zote zikikazwa zinavuta zaidi ya kilo 50, yani ni kama umefunga mfuko wa simiti kwenye kichwa cha gita ukauacha ning'ining'i mchana na usiku. Ule mfumbati akaupasua vipande vitatu akavigundisha tena na cha katikati amekigeuza, nyuzi za mbao zielekee upande mwingine, ili mmoja akitaka kupinda wenzake wamzuie. Hiyo hata sikumwambia, alifanya kutoka kichwani mwake. Mfereji wa kile chuma cha ndani ya shingo cha kurekebishia mpindo aliuchimba kwa patasi tu bila mashine, chuma kikaingia kwa kusukumwa na dole.

Ubao wa vidole ni mpingo, kipande alichokuwa nacho kimebaki kwenye kazi nyingine, cheusi tii na kizito, mpingo hata majini hauelei. Alilalamika wiki nzima jinsi ulivyomlia makali ya patasi. Bodi ni mwembe, ameuchagua kwa wepesi, na ndani una mistari ya kahawia mpaka kijivu inayopendeza kuliko nilivyotarajia.

Basi mpaka hapo raha. Nikaondoka nikarudi baada ya wiki mbili, fundi anatabasamu, bodi iko tayari imepigwa msasa laini kama shavu la mtoto. Nikaishika nikaiweka pajani. Nikaigeuza. Nikaiweka tena. Jamani, bodi ya mkono wa kulia! Nikamwambia ami kiolezo nilikupa cha kushoto. Akajibu bila hata kutikisika, "Niliona umechora kinyume, gita zote nazoziona zakaa hivi, nikakugeuzia." Yani alinisaidia! Sikujua nicheke au nilie. Ila hapa nimsifu pia, aliposhaelewa hakubishana hata neno na hakuniongezea hata shilingi, akachukua ubao mwingine akaanza upya, na hasara akaibeba yeye. Lakini mwenye kwenda kwa fundi wa aina hii na kazi asiyoizoea, andika KUSHOTO kwa herufi kubwa juu ya kiolezo kisha msimamie mpaka msumeno uingie.

Kisha ikaja Ramadhani, kisha Idi, na baada ya Idi harusi, na harusi ni vitanda vya maharusi, gita langu likasogezwa nyuma ya mlango. Kila nikienda "yeo sijalishika, ndoo kesho", yani leo bado, njoo kesho. Na harusi hizo hizo mimi ndiye ninayepiga, na gita la kuazima, nimelishika kichwa chini miguu juu. Wiki tatu zikawa miezi minne. Nyota moja nzima imekwenda hapo na simrudishii.

Kwenye freti ndipo nilipojifunza heshima. Nilichagua skeli, yani urefu wa uzi unaotetemeka, ya inchi 27, yani milimita 686, badala ya ile ya kawaida ya 648, kwa sababu uzi wa B kwenye shingo fupi unalegea kama kamba ya kuanikia nguo, ukiugonga unayumba kabla ya kutoa sauti. Hesabu yenyewe si ngumu, unachukua urefu unagawa kwa 17.817 unapata freti ya kwanza, urefu uliobaki unaugawa tena kwa hiyo hiyo unapata ya pili, mpaka ishirini na nne. Mimi nikajiona msomi, nikatengeneza mchoro kwa kompyuta nikauchapisha saiba, karatasi nne nimezibandika pamoja kwa selotepu. Nikampelekea fundi, akaitandaza juu ya mpingo, akaweka rula yake ya chuma, akakaa kimya. Akaniuliza freti ya kumi na mbili wataka iwe wapi, nikamwambia nusu kamili, 343. Akasema karatasi yako yasema 333.

Mashine ya saiba ilikuwa imepunguza mchoro ili utoshe kwenye karatasi! Angekata pale bila kupima, mpingo wote ungeenda na gita lisingekaa tuni mpaka kiama. Na huyu ni mtu aliyenigeuzia bodi, sasa ndiye aliyeniokoa na karatasi yangu mwenyewe. Tukaitupa, tukapima zote ishirini na nne kwa rula kuanzia mwanzo wa shingo, si kutoka freti hadi freti, maana ukipima moja baada ya nyingine kosa dogo linazaa linajukuu. Ya kwanza 38.5, ya kumi na mbili 342.9, ya mwisho 514 na kidogo.

Kukata nilikata mwenyewe. Mfereji wa freti unataka upana kama milimita 0.6 na msumeno wake mwembamba kuliko yote ulikuwa unatoa karibu milimita moja, tulijaribu kwenye kipande kibovu freti ikaingia kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babake. Ikabidi niagize msumeno maalumu, wiki tatu nyingine, mzigo mpaka Mombasa, basi mpaka Mokowe, boti mpaka hapa.

Ya nyumbani nitayapitia haraka. Ile nati ya juu, nasema ya kushikilia nyuzi si ya boliti, nimetengeneza kwa mfupa wa ng'ombe kutoka bucha, milimita 48, nimeuchemsha mafuta yatoke nikauanika juu ya dari siku tano, mamangu akaniuliza kama nimeingia uganga. Pikapu, nazo si gari, ni zile sumaku za kunasa sauti, nimeweka mbili za aina ya hambaka, zenye koili mbili mbili, na potenshomita, vile vitufe vya kuzungusha sauti, za kilo-om 500. Nikawasha, gita likaunguruma kama jenereta, nikishika nyuzi halinyamazi, nikishika chuma cha tundu la waya linanyamaza. Siku mbili nalaumu pikapu na stima ya mtaa, kumbe waya wa athi wa kwenda kwenye briji, kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa bodi, sikuuunganisha. Na nilikuwa nimepaka mashimo foili ya jikoni ili kuzuia kelele, ukweli ni kwamba aluminiamu hailehemeki kwa risasi ya kawaida, nimechoma kidole nikabandua yote nikatafuta utepe wa shaba.

Mafuta ya kupaka, fundi alipendekeza sifa. Ndio, sifa, mafuta ya papa yanayopakwa jahazi. Kanambia jahazi lakaa baharini halioozi, gita litaoza? Nikamshukuru, nikaenda kununua linsidi, mafuta ya mbegu za kitani, sitaki bibi harusi akimbie jukwaani. Na hapa niseme kitu cha maana, vitambaa ulivyopakia linsidi usivikunje ukavirundika pembeni, vinaweza kushika moto vyenyewe, vianike vimetandazwa.

Nimelipiga sasa tangu kusi lianze mpaka kaskazi imeingia. Shingo imesogea mara moja tu, nikazungusha chuma cha ndani robo mzunguko ikarudi. Nyuzi ndizo zinazoliwa na chumvi, seti haifiki mwezi, lakini hilo fundi halimhusu. B inasikika, si ile ya kutetemesha kuta lakini kwenye amplifaya ya kinanda watu wanacheza na hakuna aliyeuliza besi iko wapi. Kasoro mbili za mkono wake zipo: pale shingo inapoingia kwenye bodi upande wa chini pana nafasi ya kupitisha karatasi ya daftari, na bodi ni nene kuliko nilivyoandika, kama milimita tatu, bega linajua ifikapo saa saba usiku. Na nakshi. Nilimwambia mara mbili ami sitaki nakshi, nikaja kulichukua nikakuta waridi mbili kichwani mwa gita, kama za juu ya mlango. Nilikasirika nikalipa nikaondoka. Sasa kila anayelipiga picha anaipiga pale.

Hesabu kwa anayetaka: fundi 12,500, vifaa vyote na usafiri na ushuru kama 21,000, msumeno 2,800. Kwa anayetaka gita wiki ijayo asiende kabisa. Anayeweza kungoja, mwenye vipimo vyake kamili mkononi, na asiyeona aibu kukaa juu ya kigogo akimtazama mzee anafanya kazi, aende asubuhi kabla ya adhuhuri, baadaye huwa amefunga.

Ile bodi ya kwanza ya mkono wa kulia bado imetundikwa ukutani kwake, anatundikia kofia. Nilimuuliza juzi akasema elfu mbili, mashimo ya pikapu yameshachimbwa.