Kupiga upya Windows 11 ndani ya VirtualBox: leseni ya rejareja imenilipa

Programu ya mahesabu ya ofisi yetu hapa Moshi haikubali kitu kingine zaidi ya Windows. Mimi nilishahamia mfumo wa Ubuntu zamani na sina mpango wa kurudi, kwa hiyo Windows 11 Pro inaishi kama mpangaji ndani ya mashine pepe ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako. Ilipoanza kuwa nzito na masasisho kugoma, niliamua kuifuta na kuipiga upya. Wengi huogopa hapo, wakidhani leseni itapotea.

Leseni yangu ni ya rejareja, ile inayouzwa peke yake. Bei inauma: kwenye duka la Microsoft la Marekani, Pro ni kama dola 200, na fundi yeyote wa mjini atakucheka, maana yeye anakupigia ya kukraki kwa hela ya chakula cha mchana. Ila ya rejareja inahamishika. Ile ya OEM inayokuja na laptopu imefungwa kwenye mazabodi, na siku hizi ufunguo wake (ile namba ya leseni) hukaa humo humo. Kwa kawaida Windows iliyo ndani ya VirtualBox haiuoni, basi usihesabu leseni ya laptopu yako ya mtumba kuwa itaingia kwenye mashine pepe. Kama hujui unayo ipi, fungua dirisha la amri uandike slmgr /dli. Itakutajia RETAIL au OEM.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Sikuunda mashine pepe mpya, na hilo ndilo la muhimu kuliko yote. Niliiacha ile ile na mipangilio yake, nikaipa faili la ISO, lile la kupigia Windows (zaidi ya GB 5, nililipakua kwa bando la usiku), nikafuta diski ya hiyo mashine pepe. Ilipoomba ufunguo nikajibu sina, kisha nikachagua Pro, kwa sababu leseni ya Pro haiaktiveti toleo la Home. Ilipopata intaneti ikajiaktiveti yenyewe, sikuandika hata herufi moja ya zile 25. Microsoft huitambua mashine kwa vifaa vyake, na mashine pepe nayo ina vitambulisho vyake: UUID (namba yake ya kipekee), anwani ya MAC ya kadi ya mtandao na vinginevyo. Ukiunda nyingine, hata ukiipa jina lile lile, kwao ni mgeni.

Baadaye nilipata laptopu mpya, na huko mambo yakawa tofauti kidogo. Nilihamisha mashine pepe na kubaki na anwani zote za MAC, lakini VirtualBox humwonyesha mpangaji prosesa ya kompyuta halisi, na hiyo ilikuwa imebadilika. Maandishi ya kudai uaktiveti yakajitokeza chini kulia, na kubadili picha ya skrini kukafungwa. Kilichoniokoa ni kwamba leseni ilikuwa imeunganishwa na akaunti yangu ya Microsoft, jambo linalowezekana tangu toleo la 1607 la Windows 10, mwaka 2016. Kwenye mipangilio ya leseni kuna kitatuzi cha matatizo. Niliingia kwa akaunti, nikaeleza kwamba nimebadili vifaa, nikachagua mashine yangu kwenye orodha. Umeme ukakatika katikati, ruta ikazima, nikamalizia kwa intaneti ya simu. Kwenye laptopu ya zamani niliifuta, kwa kuwa leseni moja ni ya mashine moja.

Kwa upande wa VirtualBox, tumia toleo la 7.0 au jipya zaidi. Ndilo lililoleta TPM 2.0 (chipu ya usalama) ya kuigiza, Oktoba 2022, na Windows 11 inaidai. Inadai pia ramu ya GB 4, lakini kwa kazi ya kweli ipe 8. Kama laptopu nzima ina 8, achana nayo.

Kuhusu funguo za bei chee za mtandaoni, mwenzangu alinunua mmoja ukafanya kazi vizuri, mpaka alipopiga upya akakutana na 0xC004C008, yaani ufunguo umetumika kupita kiasi. Muuzaji hapokei simu. Na kama unataka kujaribu tu, usinunue chochote: Microsoft yenyewe inatoa Windows 11 Enterprise ya majaribio, siku 90 bure.